Kabla ya Kugawana Vikwembe vya Mama



Kila mmoja wetu ana sanduku au valizi ambayo watoto hawaruhusiwi kuifungua. Ndani hamna dhahabu. Mna vikwembe vilivyokunjwa vizuri, vingine havijashonwa hata siku moja, na katikati yao vipande vya sabuni ili wadudu wasiingie na harufu ibaki nzuri. Mabwana zetu hututania kwamba tunaweka benki chini ya kitanda. Ni kweli, ndiyo benki yetu. Pisi nzima ya yadi 12 inaweza kutoka nyumbani asubuhi, na jioni ikarudi kama makuta ya masomo ya mtoto au dawa ya malaria. Lakini wiki hii hatuandiki juu ya makuta. Tunaandika juu ya michoro iliyoko kwenye vikwembe hivyo: nani aliipa maana, na nini hutokea mwenye sanduku akituacha bila kumwambia mtu.

Jambo hili lilitufikia katika matanga. Mwenzetu mmoja wa kikundi, mama wa watoto watano, alituaga mvua za Septemba zikianza. Siku ya kuondoa matanga, watoto wake wa kike walifungua valizi mbili mbele ya ndugu za marehemu. Vikwembe vilikuwa arobaini na kitu. Mtoto wa kwanza alitaka viuzwe vyote ili deni la hospitali liishe. Mdogo wake akasema hapana, kila mtu achague rangi anayoipenda. Tantini zao nao walikuja na mila: nguo za marehemu hurudi kwa dada zake. Sauti zikapanda. Sisi wa kikundi tulikuwa nyuma ya nyumba tukigawa bugali na sombe, tukaitwa tuje kutuliza.

Mama mzee mmoja kati yetu hakumtuliza mtu. Alichukua kikwembe cha juu kabisa, akakikunjua kwenye magoti yake, akauliza: "Hiki kinaitwaje?" Hakuna mtoto aliyejibu. Akachukua cha pili. Kimya. Akawaambia: "Basi hamjui mnagawana nini. Fungeni valizi, tutakutana kesho."

Tulikutana jioni mbili. Yale tuliyoyasema humo ndani ndiyo tunayowaletea, pamoja na mengine tuliyoyajua kwa kuuliza na kusoma.

Wengi wetu tunafikiri kwamba jina la kikwembe hutoka kiwandani. Sivyo. Wax ya Uholanzi inayotafutwa sana sokoni Kadutu na madukani Nyawera hutengenezwa na Vlisco, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond. Ufundi wenyewe si wa Uholanzi. Watu wa kisiwa cha Java, Indonesia, ndio walioweka nta kwenye kitambaa ili rangi isipite mahali fulani; Waholanzi wakaiga kwa mashini, na kitambaa kikapata soko kubwa huku Afrika. Ile mistari midogo kama nyufa za sufuria ya udongo ni mahali nta ilipopasuka na rangi ikapenya. Kiwandani mchoro hupewa namba tu. Anayeupa jina ni mama muuzaji wa Lomé, Abidjan, Kinshasa au Kadutu, anayekitazama kitambaa, anawaza maisha ya wateja wake, kisha anasema neno moja. Neno likipendwa, kikwembe kinauzwa. Lisipopendwa, kinakaa kwenye rafu mpaka kipauke. Mama hao hawakuchora hata mstari mmoja, lakini kwa maoni yetu wao ndio waliokiandika kitambaa.

Katika valizi ya kwanza tulikuta Buji Sita. Mtoto wa nne, aliye chuoni, alisema ni mishumaa. Mama mzee akacheka. Ni buji za gari, zile za kuwasha injini. Gari la buji sita ni gari lenye nguvu, na mama aliyevaa kikwembe hicho alikuwa anawaambia majirani kwamba mambo yake yanakwenda, hata kama alikuwa amefika kwa miguu. Tulikuta Bwana Yangu Anaweza, ambacho kila mwanamke anakijua na ambacho, tuseme ukweli, wengi wetu tumejinunulia wenyewe. Tulikuta ndege wadogo wanaoruka kwa kasi: Makuta Yana Mabawa, yaani yanakuja na yanaondoka. Tulikuta kile cha herufi na ubao wa shule, ABC. Mwenzetu alikuwa na cha namna hiyo katika rangi mbili tofauti. Yeye mwenyewe aliacha shule mapema, na watoto wake wote watano amewasomesha. Hatukuongeza neno hapo.

Kulikuwa pia na Ukitoka Nami Natoka, chenye ndege na kizimba kilicho wazi. Hapo tantini mmoja alifunika mdomo. Akasimulia kwamba kuna mwaka bwana wa marehemu alikuwa akirudi usiku sana, naye marehemu hakugombana hata mara moja. Alivaa kikwembe hicho Jumapili tatu mfululizo, akipita mbele ya wakwe zake kwenda misa. Jumapili ya nne bwana alikuwa nyumbani kabla ya jua kuzama. Watoto hawakujua habari hiyo. Wenzetu wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wanayo kanga, ambayo neno lake limechapwa kabisa kwenye kitambaa, na mke mwenza anajisomea. Sisi neno letu halikuandikwa. Linakaa mdomoni mwa watu, na mdomo ukifungwa, ndege anabaki ndege tu.

Sasa, katika kikundi chetu tuna mama mmoja wa Kasai, kutoka upande wa Mweka, ambaye bwana yake aliletwa Bukavu na kazi ya ualimu miaka mingi iliyopita. Jioni ya kwanza alisikiliza bila kusema kitu. Jioni ya pili alikuja na kitambaa chake mwenyewe, kile ambacho wote tumekiona kimetundikwa ukutani kwake juu ya viti, tukidhani ni pambo la nyumba. Ni kitambaa cha rafia cha Wakuba, mraba wa rangi ya majani makavu, chenye mistari myeusi inayopinda na kuingiliana, na ukipitisha mkono ni laini kama nywele za mtoto mchanga.

Alitueleza kinavyofanywa, na hapa tunaomba mtuvumilie kwa sababu kazi hii ni ndefu na inastahili kuelezwa. Jani changa la mrafia huchanwa nyuzi. Wanaume ndio hufuma, kwenye mtambo uliosimama kwa kuinama, na wanatoa kitambaa kitupu kisicho na mchoro. Kisha kitambaa hutwangwa kilainike. Kutoka hapo ni kazi ya wanawake. Mama anachukua sindano, anapitisha uzi chini ya nyuzi mbili tatu za kitambaa, anauvuta mpaka ubaki ncha ndogo, anakata kwa kisu kidogo chenye makali. Hafungi fundo. Uzi unashikwa na ubano wa kitambaa peke yake. Anarudia hivyo maelfu ya mara, na mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kuchukua miezi, kwa kuwa anaufanya kati ya shamba, maji, kuni na watoto. Hachori kwanza. Mchoro uko kichwani mwake, aliupata kwa mama yake. Ndiyo sababu katikati ya kitambaa mistari huweza kubadilika ghafla, kama mtu anayesimulia akakumbuka jambo lingine.

Michoro hiyo ina majina. Upo wa kobe, upo unaobeba jina la Woot, babu wa kwanza wa Wakuba. Lakini mama yetu wa Kasai alituambia jambo lililotufurahisha: wanawake wawili wanaweza kutazama mchoro mmoja na kuupa majina mawili, kwa kuwa kila mmoja anaanzia kwenye mstari anaouona kuwa wa maana. Hakuna anayekosea. Na majina mapya huingia. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimpelekea mfalme wa Wakuba pikipiki ili ashangae. Mashine haikumshughulisha sana. Alichokitazama ni alama ambayo mataili yaliacha kwenye mchanga. Akaamuru ichukuliwe, na mchoro huo ukapewa jina la mfalme.

Tuliuliza juu ya sketi ndefu za wanawake wa huko, zile za mita kadhaa ambazo mama huzungusha kiunoni mara nyingi, na ambazo zina vipande vidogo vilivyoshonewa juu kama herufi. Alisema wazee husimulia kwamba vipande hivyo vilianza kama viraka. Kitambaa kikitwangwa sana hutoboka, na mama haachi tundu. Baadaye watu wakaanza kushonea viraka hata mahali pasipo na tundu, kwa uzuri. Wamama wa Bukavu, ni nani kati yetu hajapata kufanya hivyo kwenye goti la suruali ya mtoto!

Kisha akasema lile lililowanyamazisha watoto wa marehemu. Kwao, kitambaa kizuri kabisa hakitunzwi kwa ajili ya karamu. Kinatunzwa kwa ajili ya mazishi. Mtu huvalishwa kitambaa cha ukoo wake ili wazee waliotangulia wamtambue anapofika. Asipovaa, hawatajua ni wa nani. Kwa hiyo familia hukaa kwanza na kuamua ni kitambaa kipi kinakwenda naye na kipi kinabaki, na katika kuamua huko majina hutajwa yote, na vijana wanasikia.

Kwetu huku Bushi hatukuwa na mtambo wa namna hiyo. Wazee wetu walivaa ngozi na nguo za magome ya miti yaliyotwangwa; ufumaji wetu ulikuwa wa vikapu na mikeka, na hapo ndipo mkono wa mwanamke ulipoweka alama zake. Pamba ilikuja na mkoloni. Tangu 1917 sheria ya Wabelgiji iliruhusu kuwalazimisha wakulima walime pamba, na uwanda wa Ruzizi ulikuwa mmoja wa mahali ilipolimwa, kisha Kalemie, wakati huo ikiitwa Albertville, kukawa na kiwanda cha Filtisaf. Wazazi wa baadhi yetu walilima pamba hiyo, halafu wakanunua kikwembe kwa bei isiyolingana na walichouza. Hilo nalo limo ndani ya sanduku, ingawa halina picha.

Turudi kwenye valizi. Baada ya majina ya soko kuisha, mama mzee alianza majina ya namna nyingine, ambayo hakuna muuzaji anayeyajua. Alitoa kikwembe cha maua ya manjano, kimefifia mpaka upande mmoja unaona mkono wako. Mtoto wa kwanza alikuwa amekiweka kwenye rundo la vitambaa vya kupanguzia. Mama mzee akamwita: "Yaya, hiki ni wewe." Oktoba 1996, mji ulipovamiwa, mama yake alitoka Bukavu kwa miguu kuelekea Walungu akiwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Hakubeba sufuria, hakubeba godoro. Kikwembe hicho kilikuwa mbeleko mchana, na usiku kilikuwa blanketi ya watu wawili. Yule dada alikichukua akakiweka kwenye magoti yake. Hakusema tena habari ya kuuza vyote.

Kulikuwa na kingine cha buluu, nusu tu. Nusu nyingine ilichanwa Juni 2004, siku zile za risasi, jirani alipojifungua ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha na hapakuwa na kitu safi cha kumpokelea mtoto. Kijana huyo yupo, ni fundi wa simu, na kila Noeli alikuwa akimletea marehemu sukari bila watoto kuelewa kwa nini. Kulikuwa na kile alichokivaa kwa mara ya kwanza Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, siku ya tetemeko la ardhi. Na kulikuwa na kile cha maandamano ya tarehe 17 Oktoba 2010, wanawake wa nchi nyingi walipokuja hapa Bukavu kufunga Maandamano ya Dunia ya Wanawake, tukatembea nao maelfu, vumbi mpaka magotini. Vya mwanzoni mwa 2025 hatuhitaji kuvieleza. Kila mmoja ana chake.

Si vyote vilikuwa na uzito huo. Kulikuwa na vitatu vyenye kichwa cha mgombea wa uchaguzi, hatumtaji, akicheka kifuani na mgongoni. Hivyo tuliamua kwa sauti moja vikafunikie ndizi za kasiksi.

Mwishowe ugawaji ulikwenda hivi. Pisi nne ambazo hazijashonwa, zenye karatasi ya kiwanda bado, ziliuzwa, na deni likapungua sana ingawa halikuisha. Hiyo ilikuwa haki, kwa sababu marehemu mwenyewe aliziweka kama akiba. Tantini walipewa vile walivyoweza kuvisimulia, na tuliona kwamba mila yao haikuwa tamaa tupu: dada wa marehemu ndiye aliyekuwa naye siku kikwembe kiliponunuliwa. Vilivyobaki ni vya watoto. Hapa tuseme wazi, kwa kuwa wako wajane na mayatima wanaosoma gazeti letu: Kanuni ya Familia ya nchi yetu, ya 1987 na iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, wa kike sawa na wa kiume. Ndugu wa marehemu nao wamo, katika kundi la pili la warithi. Lakini ni vizuri watoto watoe wakijua wanachotoa, na wabaki na kitu wakijua wanachobaki nacho.

Tangu hapo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya likelemba, mama mmoja anakuja na vikwembe vyake vitatu na mtoto wake mmoja, wa kike au wa kiume. Tunakata uzi mdogo au kona isiyoonekana, tunaibandika kwenye daftari, na mtoto ndiye anayeandika: jina la soko, nani alikileta, siku gani kilivaliwa. Wengine wanaandika Kiswahili, wengine Mashi, wengine Kifaransa. Hatusahihishi. Tumegundua kwamba watoto wanakuja kwa kuburutwa na wanaondoka wakiuliza maswali, hasa yale ambayo mama zao hawakutaka kuulizwa. Mvulana mmoja wa miaka kumi alitaka kujua kwa nini kikwembe alichopewa mama yake wakati wa mahari kimeandikwa jina la bwana mwingine pembeni. Ilibidi tumweleze kwamba ni jina la mwenye duka.

Pembeni hapo, kwa kweli, ndipo pa kutazama mnaponunua. Wax halisi ina rangi sawa mbele na nyuma, na maandishi ya kiwanda kwenye pindo. Vya bei ndogo vinavyotoka China vinafanana nayo kwa mbali, upande mmoja umepauka. Hatusemi msivinunue, wengi wetu ndivyo tunavyovaa, na baadhi yake siku hizi vimechapwa mistari ile ile ya Wakuba. Mama yetu wa Kasai alikiona kimoja Kadutu, akakishika, akageuza upande wa pili, akamuuliza muuzaji jina lake. Msichana akajibu: "Mama, ni dola sita." Akakinunua hata hivyo. Amekipa jina yeye mwenyewe, na limo kwenye daftari.

Katika valizi za mwenzetu kimebaki kimoja ambacho hatujakiandika. Kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwenye gazeti. Ni cha rangi ya kahawia, kina ngazi nyeupe na samaki wawili chini yake wanaotazamana, na pindo limekatwa. Kona moja ina fundo, na ndani ya fundo kuna sarafu ya likuta moja ya 1967. Mama mzee hakitambui, tantini hawakitambui. Mtoto wa tatu ndiye anayekitunza, na ataleta kikundini Jumamosi ijayo, saa nane mchana. Mama yeyote wa Ibanda, Kadutu au Bagira aliyepata kukiona kikwembe hicho, au aliyekuwa na rafiki aliyekuwa nacho, aje, au amtume mtu na jina.